Upande wa Pili wa Kaseti ya Visima

Vijana wangu, kabla sijasema lolote la maana, niwaombe kitu kimoja. Mtu mzima akikuletea kaseti na kukuambia ndani yake kuna kazi ya kompyuta, usimjibu, "Weka simu karibu na redio, unitumie voisi." Mimi nimeshajibiwa hivyo. Nikatii. Nikapoteza siku nne, na kwa umri wangu siku nne si kitu cha kuchezea.

Aliyenijibu hivyo ni Rehema, mtoto wa kaka yangu, mwenye duka la steshenari hapa Mandewa. Kasomea kompyuta chuoni, cheti chake kiko ukutani ndani ya kioo. Changu mimi kilikuwa cha kupiga chapa, na mchwa wamekimaliza. Lakini miaka ya themanini, Rehema hajazaliwa bado, mimi Zuhura, binti wa muuza nguo wa sokoni, ndiye niliyekuwa karani wa kompyuta wa kikosi cha kuchimba visima. Nacheka nikisikia mtu anasema bibi fulani haziwezi kompyuta. Bibi alizianza zikiwa hazina hata kioo.

Maana hiyo yetu haikuwa nacho. Ilikuwa kompyuta ya kutumia nyumbani, ndogo ya kuingia mkobani, vitufe vyake vya mpira, unavibonyeza vinabonyea kama ufutio. Tuliichomeka kwenye televisheni isiyo na rangi. Ukizima umeme ilisahau kila kitu, kwa hiyo kazi ya siku tuliirekodi kwenye kaseti ya redio, hizi hizi za muziki, na kesho yake unaichezesha kaseti, inatoa mlio wa kuudhi, mashine inasikiliza na kukumbuka. Injinia wa mradi aliyetoka nje ndiye aliyeileta. Alituandikia programu ya orodha ya visima, akanifundisha wiki mbili, akaugua malaria, akarudi kwao. Wakati ule huku bara hakukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Watu wa mjini waliposikia ofisi ya visima ina televisheni walikuja wamevaa vizuri, wakaketi kwenye benchi, na nilichokuwa nacho cha kuwaonyesha ni majina ya vijiji na idadi ya mita. Mzee mmoja alivumilia saa nzima, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa binti, watu wenyewe watatokea saa ngapi?"

Tuje kwenye shida iliyonipeleka kwa Rehema. Kuna kitongoji upande wa Sepuka ambacho wanawake wake wamekuwa wakifuata maji mbali miaka nenda rudi. Msimu huu waliuza alizeti, wakachanga, wakapata nguvu ya kuchimba kisima kimoja. Kimoja tu. Wakikosea, hawana cha pili. Kampuni iliyoitwa kupima ikasema chimbeni penye mawe makubwa, juu kidogo ya shule. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji, Ntandu, akakumbuka kwamba zamani kikosi chetu kilichimba mashimo mawili pale kitongojini, moja penye mawe na moja karibu na josho la ng'ombe. Moja lilitoa maji matamu, la pili likatoa maji ya chumvi likazibwa. Pampu ya lile tamu ilipoharibika ikang'olewa, shimo likafukiwa, na waliokuwa wakubwa wakati ule wengi wao hatunao tena. Lipi lilikuwa lipi? Hakuna aliyejua. Ntandu akanitafuta.

"Shikamoo mama," akasema, hata kukaa hajakaa. "Tunasikia wewe ndiye uliyeandika."

"Marahaba. Mimi ndiye. Chimbeni josho. Mawe ni chumvi tupu."

Nilisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Niliyaona yale maji ya josho, niliyanywa, ninakumbuka utamu wake hadi leo. Ntandu akakuna kichwa. "Mama, tunakuheshimu. Lakini mtaalamu ana vipimo vyake. Kamati inataka karatasi. Gari la kuchimba linakuja baada ya siku kumi na mbili."

Karatasi! Karatasi za kikosi zilishapotea, nyingine kwa maji ya mvua, nyingine kwa mchwa, nyingine mama ntilie alifungia maandazi nikiona kwa macho yangu. Kilichobaki ni kaseti moja iliyokuwa kwenye sanduku langu la nguo, imefungwa kwenye kitambaa. Mashine yenyewe ilishakufa zamani. Nikaibeba kaseti hadi dukani kwa Rehema, na hapo ndipo presha yangu ilipoanza kupanda.

"Shangazi, hilo dogo," Rehema akasema. "Siku hizi kuna emuleta."

Akanieleza kwamba emuleta ni programu unayoweka kwenye laptopu, nayo inajifanya ile kompyuta ya zamani, kwa kila kitu, hata ujinga wake. Nikafurahi. Kumbe kufurahi nilikuwa nimewahi. Maana palepale ndipo aliponiambia habari ya voisi.

Nikarudi nyumbani, nikaweka redio kaseti mezani, simu pembeni, nikarekodi. Jirani akapita na pikipiki. Nikarudia. Kuku akaingia ndani. Nikarudia. Nikatuma vipande kumi na viwili. Rehema akaviingiza kwenye emuleta, nayo ikakataa kila kimoja. Siku ya nne ndipo alipokwenda kusoma, akagundua kwamba simu ikirekodi ujumbe wa sauti huwa inatupa sauti ambazo inaona binadamu hazihitaji, ili ujumbe uwe mwepesi. Kwa mazungumzo ya watu sawa. Kwa kaseti ya kompyuta, zinazotupwa ndizo hizo hizo zenye kazi. Basi lishikeni hilo: mlio wa kaseti ya kompyuta unapitishwa kwenye waya, kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye laptopu, na unahifadhiwa mzima mzima, faili likiwa kubwa na liwe kubwa.

"Sasa chomeka waya," nikamwambia.

Laptopu ya Rehema haikuwa na tundu la kupokea sauti. Mashine ya bei ile, nyembamba, inang'aa, haina sikio! Ikabidi iagizwe adapta ya sauti kutoka Dodoma, ikaja na basi siku tatu baadaye, kwa sababu siku ya kwanza kondakta aliisahau na siku ya pili aliipitisha. Siku saba zimekwisha hapo. Ntandu anapiga simu kila asubuhi, shikamoo mama, mmefikia wapi, na mimi namjibu kwa sauti ya mtu aliyefika. Kamati yake ilipokuja dukani kuniuliza, niliapa mbele yao kwamba mawe ni chumvi.

Ngoja niwaambie habari za Fundi Mkumbo, kwa sababu bila yeye hii kaseti isingekuwepo. Alikuwa msimamizi wa wachimbaji, Mnyiramba ambaye baba yake alitafuta dhahabu Sekenke maisha yake yote akaambulia kikohozi. Mkumbo hakujua kompyuta na hakutaka kuijua, ila alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, kila kitu kinarekodiwa mara mbili, pande zote mbili za kaseti. Ya pili, karani haandiki ladha ya maji aliyosimuliwa. Shimo likitoa maji, alikinga kwenye kikombe cha bati, akaonja, akanipa nami nionje, ndipo aseme, "Matamu. Andika." Au, "Chumvi. Andika." Nikimwambia nimeshamwamini, anachukia. "Sikuulizi kama unaniamini. Onja."

Nilimkosea vibaya mara moja. Nilikuwa nachezesha kaseti ili mashine ikumbuke kazi ya mwezi mzima, nikabonyeza kitufe cha kurekodi badala ya cha kucheza, na kwa kuwa nilikuwa naongea na mwenzangu sikushtuka hadi kaseti ikaisha. Mwezi mzima ukafutika, na upande wa pili sikuwa nimeurekodi, kwa uvivu tu. Mkumbo hakufoka. Aliingia ndani ya Land Rova, akafungua mlango wa upande wangu, akasema twende. Wiki nzima tulizunguka kwenye kila shimo la mwezi ule, mimi nikishusha kamba yenye kipande cha chuma kupima maji yako kina gani, jua linawaka, viganja vimechubuka. Na kuonja upya. Tulifika josho siku ya mwisho, nimechoka hata kusema siwezi, na hapo ndipo niliponywa yale maji ambayo utamu wake sijausahau. Tangu siku hiyo nilikuwa navunja vile vijino vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kimoja cha kila upande, ili mtu asiweze tena kurekodi juu yake.

Nilidhani nimemaliza. Adapta ilipofika, tukachezesha upande wa kwanza, na badala ya mlio tukasikia mtangazaji anapaza sauti, mpira umetoka nje, unarushwa. Nikajua palepale. Kaka yangu! Baba yake Rehema, enzi za ujana wake, alichukua kaseti yangu, akaziba pengo la kijino kwa karatasi, akarekodi mpira wa redioni juu ya visima vya watu. Rehema akacheka hadi akashika meza. Nikampigia simu kaka yangu nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na yeye akauliza kama kipindi cha pili bado kipo.

Ila karatasi aliziba upande mmoja tu. Tukageuza kaseti, na mlio ukaja. Hafifu, kama umefunikwa, lakini ulikuwepo. Mkumbo na mara mbili zake.

Hapa ujuzi wangu ukaanza kufaa. Rehema alitaka kuongeza sauti hadi mwisho. Nikamkataza, sauti ikizidi inapasuka na mashine haielewi. Weka robo tatu. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha kile kichwa cha chuma kinachogusa utepe, pamba ikatoka nyeusi. Kisha nikatafuta skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa hicho, inayokiweka sawa na utepe. Unaizungusha kidogo kidogo huku unasikiliza, na mlio ukitoka kwenye uzito ukawa mkali wa kuumiza meno, hapo hapo, acha. Rehema alinitazama anavyotazama mafundi wa simu. Nilijisikia vizuri, nakiri.

Tukarekodi. Emuleta ikakataa. Tukarekodi tena, ikasoma programu, ikaanza kuonyesha mambo ya ajabu, ikaganda. Tukabishana siku nzima. Mwishowe nikamuuliza, "Hii emuleta inajifanya mashine gani hasa?" Akaniambia ina orodha ya aina nyingi, na yeye amechagua ya mwisho kutengenezwa, yenye kumbukumbu kubwa, kwa sababu ndiyo bora. Bora kwa nani? Kaseti ile iliandikwa kwa mashine ndogo! Ninyi mkiona kitu kipya mnakikimbilia, hata kazi yenyewe hamjaiuliza inataka nini. Akarudisha kwenye aina ya kwanza kabisa, kioo kikawa cheupe, chini kumeandikwa haki ya mwenye kiwanda, na moyo wangu ukaruka. Nilikuwa sijauona ule weupe tangu nikiwa na meno yote.

Aina hii haikuwa na menyu kama ile ya mwisho, kwa hiyo Rehema akaanza kuandika amri ya kupakia programu, herufi moja moja, na kioo kikajaa takataka.

"Hii imeharibika," akasema.

"Toa mikono."

Kwenye mashine ile huandiki neno. Kila kitufe kina neno lake zima. Ukibonyeza J, neno la kupakia linatokea lenyewe, kisha unaweka alama mbili za kunukuu, ya kufungua na ya kufunga, basi. Sikulazimika kufikiri, vidole vilikwenda vyenyewe. Rehema akachezesha faili, na pembeni mwa kioo ikaanza kupita mistari, myekundu na ya rangi ya anga, kisha buluu na njano, inakimbia. Nikashika mkono wa Rehema. Miaka yote ile kwenye televisheni yetu nilikuwa nimeiona ya kijivu. Sikujua kumbe ilikuwa na rangi.

Ilikuwa siku ya kumi na moja, saa tano asubuhi. Gari la kuchimba lilikuwa limewahi kufika, limelala uwanja wa shule. Kamati, kwa kuniheshimu, ilikuwa imeshamwambia dereva aelekee josho kesho yake, karatasi ikija au isije. Ntandu alinipa habari hiyo asubuhi, nami nikatembea kuelekea dukani kichwa juu.

Mteja akaingia anataka kudurusu vyeti. Rehema akaenda kumhudumia, nikabaki mimi na mashine. Programu ikauliza kijiji. Nikaandika. Ikafikiri, kwa uvivu wake ule ule wa zamani, kisha ikaweka mistari miwili.

Mawe, mita arobaini na nane, matamu.

Josho, mita sitini na moja, chumvi, limezibwa.

Nikasoma mara ya pili. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma mara ya tatu. Nikatafuta kosa. Labda nilichapa vibaya zamani. Lakini nilijua sikuchapa vibaya, maana hizo zilikuwa rekodi za baada ya ile wiki ya kamba, na baada ya wiki ile sikuchapa neno bila kulisoma mara tatu. Ndipo kumbukumbu ikanijia yote, na si kile kipande nilichokuwa nimekipenda. Nilionja maji ya josho kwenye kikombe cha bati, nikayatema. Mkumbo akacheka, akaenda kwenye Land Rova, akaniletea chupa yake ya maji ninywe nisafishe kinywa. Nikanywa yote, nimekaa juu ya ukuta wa josho. Yale ndiyo matamu niliyoyabeba kichwani miaka arobaini. Na asubuhi ile chupa yake Mkumbo alikuwa ameijaza Mawe.

Niwaambie ukweli, maana ndiyo kazi ya andiko hili. Niliangalia swichi ya laptopu. Rehema alikuwa na mgongo kwangu. Ningezima, nikasema imegoma, mashine ile ingesahau kama ilivyozoea, na hakuna ambaye angejua kwamba Zuhura alikosea. Ningekaa na heshima yangu. Na kule wanawake wangebaki na kisima cha chumvi na ndoo zao. Niliona aibu kwa kuliwaza tu, na hadi leo ninaiona.

"Shangazi, imesemaje?" Rehema akauliza bila kugeuka.

"Nipe simu."

Ntandu akapokea mlio wa kwanza. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie dereva asiende josho. Chimbeni penye mawe."

Nikasikia mbuzi upande wake. "Mama, si wewe ndiye uliyesema mawe ni chumvi? Uliapa mbele ya kamati."

"Niliapa. Nilikosea."

"Sasa mama," akasema taratibu, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko angenifokea, "tumwamini nani?"

"Mwaminini yule msichana aliyeandika," nikasema. "Ninamjua. Alionja mwenyewe."

Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi za mteja mkononi. Aliichapisha ile mistari miwili, akaigonga muhuri wa duka, muhuri ambao hauna maana yoyote kisheria, akampa bodaboda aipeleke Sepuka.

Wiki mbili baadaye Ntandu alituma dumu la lita tano. Liliingia dukani kwa Rehema, likawekwa juu ya mashine ya kudurusu, jambo ambalo nililifokea, maji na umeme. Kisha nikaomba kikombe. Rehema akasema maji ni ya Mawe, Ntandu amemwambia ni matamu, kamati nzima imeyanywa, nisijisumbue.

"Sikukuuliza Ntandu amesema nini," nikamwambia. "Mimina. Na chako pia."

Tukaonja wote wawili, tumesimama, wateja wanatutazama.

"Matamu," nikasema. "Andika."

Akachukua simu. Nikamkazia macho. Akaiweka chini, akachukua kalamu na karatasi, akaandika. Akaishika tena simu, akanitazama kuomba ruhusa.

"Na huko pia," nikasema. "Mara mbili."